Hesabu Niliyomfundisha Mabula

Wiki ya pili baada ya kustaafu, Mwalimu Zawadi, binti aliyepokea vipindi vyangu, alinipigia simu kuniuliza mambo mawili. La kwanza, ufunguo wa kabati la vifaa uko wapi. La pili, aanzeje na kidato cha kwanza cha viziwi, maana alikuwa na siku tisa darasani na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyenyoosha mkono. La ufunguo nilimjibu. La pili nikamwambia nitaandika, nikidhani utakuwa ukurasa mmoja.

Nimefundisha Hisabati miaka thelathini na mitatu, na ishirini na mmoja kati ya hiyo niliitumia kwenye kitengo cha viziwi cha shule yetu ya bweni, upande wa Geita. Vyeo sitavisimulia. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na rundo la funguo na vikao zaidi. Sasa nakaa Kagongwa nilikozaliwa, jirani zangu wananunua na kuuza mpunga tangu alfajiri, na hakuna anayeniita madam. Muda wa kuandika ninao.

Nilianzia Ushetu, shule ya kawaida, darasa la watoto tisini. Msimu wa tumbaku wanabaki arobaini, wengine wako kwenye mabani ya kukaushia majani ya wazazi wao. Huko nilikuwa mwalimu wa kupaza sauti. Mtu akipita barabarani na baiskeli yake alikuwa anajua leo tunafanya sehemu au aljebra. Nilijivunia sauti hiyo kuliko cheti changu. Baada ya miaka kumi na miwili nikahamia Geita kumfuata mume wangu, na mkuu wa shule aliyenipokea akanipa kidato cha kwanza cha kitengo, wanafunzi kumi na mmoja.

"Hao hawana shida, madam," aliniambia. "Ni wapole, hawana kelele."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa.

Siku ya kwanza nilisimama ubaoni dakika arobaini nikiandika na kueleza, mgongo nimewapa wao. Nilipogeuka, wote kumi na mmoja walikuwa katika mazungumzo yao ya mikono, wamechangamka, wala hakuna aliyekuwa ananitazama. Sikujua niudhike au niombe radhi. Msichana mmoja wa mbele akainuka, akanifuta chaki iliyokuwa imenikaa shavuni, kisha akawageukia wenzake akagusa shavu lake kwa ncha ya kidole. Wakacheka. Nilichukua miezi kuelewa kwamba pale pale nilikuwa nimepewa jina. Kwa lugha ya alama, kila mtu ana jina lake la mkono, na mimi mpaka nastaafu nilikuwa kidole shavuni.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mwalimu. Alikuwa Bi. Monica, mlezi wa bweni la wasichana, kiziwi tangu utotoni, mwanamke mrefu asiye na haraka na mtu. Nilimwendea na daftari nikamwandikia kwamba naomba anifundishe lugha ya alama. Alisoma, akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu, akanionyesha rundo la mashuka. Kwa miezi mitatu, kila jioni kabla ya chakula cha wanafunzi, tulikunja mashuka na yeye akanifundisha. Nikijisahau nikatumia mdomo, alikuwa anageuka na kuendelea kukunja peke yake mpaka mikono yangu irudi kazini. Sijawahi kuwa na mwalimu mkali kama yule, na hakuwahi kupandisha hata nyusi zake bila sababu. Nyusi kwenye lugha ile ni sehemu ya sentensi. Ukiuliza swali na uso umelala, hujauliza.

Kwa Zawadi na wengine mtakaofuata, niweke hapa aliyonifundisha. Usisimame na dirisha nyuma yako, uso wako unakuwa kivuli na wao wanasoma uso. Panga madawati nusu duara ili kila mmoja aone mikono ya kila mmoja. Ukitaka wakuangalie, gonga sakafu kwa mguu au zima na kuwasha taa, usitupe chaki. Andika, acha, sogea pembeni, subiri macho yarudi kwako, ndipo ueleze. Kiziwi hawezi kusoma ubao na kukutazama kwa wakati mmoja, na mwalimu anayeandika huku anaeleza anaongea na ukuta.

Jambo jingine hakuweza kunisaidia, kwa sababu hata yeye hakuwa nalo. Maneno mengi ya hesabu hayakuwa na alama, au kama yalikuwa nayo kwingine, hayakuwa yametufikia. Tukayatunga na wanafunzi. Namba isiyojulikana kwenye mlinganyo walikataa kuiita herufi. Walisema ni mtu ambaye jina lake limeitwa kwenye orodha na hajafika, kwa hiyo kazi yetu ni kujua yuko wapi. Nimeona vitabu vinavyoeleza aljebra vibaya kuliko hivyo.

Na jambo ambalo hakuna chuo kilichoniambia ni kwamba wengi wa watoto hawa wanatoka majumbani bila lugha yoyote. Nyumbani ni Kisukuma au Kizinza, mtaani Kiswahili, na mtoto hasikii hata kimoja. Ana ishara kumi au ishirini za kuonyeshwa: kula, njoo, chunga ng'ombe, ondoka. Anaingia shule ya msingi akiwa na miaka kumi au kumi na mbili, huko ndiko anakojua kwa mara ya kwanza kwamba vitu vina majina. Kwa hiyo usianze na hesabu. Anza kwa kujua mtoto alikuwa wapi kabla hujakutana naye, na alikuwa anafanya nini kwa mikono yake. Kitu cha kumshika utakipata huko. Hilo niliamini kwa miaka mingi, na bado naliamini, ingawa sasa naliamini kwa uzito mwingine.

Mabula aliletwa kidato cha kwanza akiwa na miaka kumi na saba, mabega ya mtu mzima, amevaa sare iliyomwishia juu ya vifundo vya mikono. Kwao ni kijiji kimoja nje ya Buseresere. Baba yake alikuwa amefariki, nyumbani kulikuwa na mama na kaka mkubwa, Shija, ambaye kazi yake ilikuwa kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Mabula alikaa dawati la mwisho, akalaza kichwa, akalala. Alilala muhula mzima. Nilipogonga sakafu alikuwa anafumbua jicho moja, anahakikisha ni mimi, anafumba.

Walimu wengine walishauri arudishwe kwao. Bi. Monica alisema nisubiri. Siku moja nikisahihisha madaftari nikafungua la kwake kutokea nyuma kwa bahati mbaya. Kurasa za mbele zilikuwa tupu. Kurasa za nyuma alikuwa amechora duara, hilo shimo la dhahabu linaloshuka wima. Halikuwa limechorwa ovyo. Alionyesha kuta nne, magogo ya kuzishikilia udongo usiporomoke, ambayo wachimbaji huyaita matimba, yamepangwa ngazi kwa ngazi, winchi juu, kamba, na chini kabisa njia inayokwenda pembeni kuufuata mwamba. Kila ngazi ameiwekea vijistari. Alikuwa amepima.

Kesho yake nilichora ubaoni mchoro wake, nikakosea makusudi. Niliweka timba moja refu kuliko upana wa shimo. Nikasogea pembeni. Mabula aliinua kichwa. Alitazama, akakunja uso, akaja mbele, akafuta timba langu kwa kiganja na kulichora upya. Kisha akawageukia wenzake akawaeleza kwa nini, kwa mikono yake mikubwa, kwamba gogo likiwa refu halipiti, likiwa fupi halishiki, na lisiposhika watu wanafukiwa.

"Shimo linaenda chini kiasi gani?" nilimuuliza.

Akanyoosha mikono yote miwili kulia na kushoto, pima moja, akaihesabu mara saba.

Kuanzia hapo nilikuwa na mwanafunzi. Namba hasi zilizokuwa zimewashinda wote tulizijifunza kwenye shimo la Mabula: ardhini ni sifuri, ukishuka unahesabu kwenda chini, ukipandishwa na winchi unajumlisha. Pembe mraba tulizijifunza kwenye matimba. Nilimpa kamba niliyoifunga mafundo kumi na mawili kwa umbali unaolingana, nikamwonyesha kwamba ukiivuta pembetatu, upande mmoja sehemu tatu, wa pili nne, wa tatu tano, kona moja lazima ikae mraba. Alijaribu kwenye dawati, kwenye dirisha, kwenye kona ya bweni. Kona ya bweni ilikataa. Akaniita nikaione. Fundi aliyejenga bweni lile hakupata mtu wa kumtetea siku ile.

Niliwafundisha na jambo moja nililolirudia kila kipindi, kwa sababu watoto wa kitengo wamezoea kuambiwa wamekosea na kukubali hata kama hawajakosea. Mtu anayesikia akimwambia kiziwi "si hivyo," kiziwi anafuta. Nikawaambia msifute. Mtu akikubishia, rudi upime tena. Kama ni wewe uliyekosea, rekebisha. Kama si wewe, simama hapo hapo. Mabula alilipenda hilo kuliko yote. Aliligeuza likawa mzaha wake: mpishi akimpa maharage machache, anarudi na sahani na kamba yake, anayapima.

Mtihani wa kidato cha pili alifaulu Hisabati. Alikuwa wa kwanza kufaulu kwenye kitengo kwa muda mrefu. Aliniambia anataka kuwa mtu wa kujenga nyumba, zile ndefu.

Alipokuwa kidato cha tatu, siku ya kufunga shule mwezi wa sita, Shija alikuja kumchukua. Kijana mstaarabu, mwembamba, kucha zake zimeingia vumbi lisilotoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Habari za Buseresere?"

"Nzuri. Nimekuja kushukuru. Huyu mdogo wangu mmemfundisha kweli. Likizo iliyopita alikuja kwenye duara letu, akatupimia matimba yote kwa kamba yake. Mafundi wenyewe walinyamaza. Nataka safari hii atusaidie tena, tunashuka ngazi mpya."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilisimama pale kwenye ngazi za ofisi nikafurahi kama mtu aliyepewa zawadi.

"Lakini hashuki chini?" nikauliza.

"Hashuki, mwalimu. Anapima juu tu, anatupa urefu, sisi tunakata na kushuka nayo."

Bi. Monica alikuwa amesimama karibu, anakagua mabegi ya wanafunzi. Aliniuliza kwa mikono kaka anasema nini. Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Kule watu wanaishi kwa masikio," akasema. "Mwambie akae nyumbani na mama yake."

"Anapima juu tu," nikamjibu.

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye mabegi. Mimi nilikuwa na jibu nililolitaka, na sikulipima.

Wiki ya tatu ya likizo, saa sita mchana, Shija alinipigia simu. Alianza vizuri, akanisalimu, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akashindwa kuendelea na mtu mwingine akachukua simu akasema Mabula amefukiwa na duara, wamemtoa, ameshafariki.

Baadaye Shija alinieleza mwenyewe. Timba moja lilifika chini likawa fupi. Wale waliokuwa chini wakapandisha ujumbe kwamba kiziwi amekosea kipimo. Shija akamwonyesha Mabula kwa vidole: fupi. Mabula akakataa. Wakambishia, wengine wakacheka.

"Akachukua kamba yake, mwalimu, akaingia kwenye winchi. Nilimshika shati. Akanitoa mkono. Alitaka kupima tena."

Alishuka akapima, na kipimo chake kilikuwa sawa. Aliyekata kwa shoka ndiye aliyekosea. Mabula alikuwa amegeukia ukuta, amenyoosha kamba, wakati udongo ulipoanza kudondoka upande wa pili. Waliokuwa juu waliona, wakapiga kelele, wakagonga bati. Waliokuwa naye chini, wawili, waliruka wakashika kamba ya winchi. Wanasema mmoja alimpita nyuma bila kumgusa. Simlaumu. Sidhani kama alikuwa na muda wa kukumbuka kwamba yule hasikii.

Tulikwenda kuzika na gari la shule, mimi, Bi. Monica, na wanafunzi wanne wa darasa lake wanaokaa karibu tuliowapitia njiani. Msiba ulikuwa mkubwa. Wachimbaji walikuja wengi, wamekaa mbali kidogo na watu wa kijiji, wameinamisha vichwa. Wanawake walikuwa ndani na mama yake, ambaye kila mtu alimwita Mama Shija, kwa jina la mkubwa. Wanafunzi wangu walikaa kwenye mkeka upande wa jikoni, na kwa kuwa hawakuweza kuomboleza kwa sauti kama wengine, walifanya wanachofanya. Waliongea. Mikono minane ilikuwa inaenda kwa kasi, mara wanalia, mara mmoja anatabasamu. Wazee waliwatazama vibaya, wakidhani wanacheza.

Baada ya kutoka makaburini, Mama Shija alitoka ndani akaja mpaka kwenye mkeka ule. Akasimama, akawatazama muda mrefu.

"Mwalimu," aliniita, "hawa wanasema nini?"

"Wanamzungumzia Mabula, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Najua wanamzungumzia. Wanasema nini?"

Nikakaa chini, naye akakaa, tukaanza. Mwanafunzi mmoja mmoja alisema, mimi nikageuza kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipomchelewesha nikageuza kwa Kisukuma. Walimwambia kwamba Mabula alikuwa mchekeshaji. Aliigiza walimu wote, na mkuu wa shule alimwigiza kwa kutembea tumbo mbele. Kwamba aliogopa panya. Kwamba alikuwa anawaambia usiku wa mvua kule kwao paa linavuja upande wa kulia tu, na mama anahamisha kitanda cha mtoto kabla ya kuhamisha cha kwake. Kwamba aliapa nyumba ya kwanza atakayojenga ni ya mama yake.

Mama alisikiliza bila kufuta machozi.

"Mimi nilijua hapendi ugali wa jana," alisema. "Nilijua akiumwa, maana analala. Mengine sikujua. Miaka ishirini, mwalimu. Alikuwa anaongea hivi?"

"Alikuwa hanyamazi, mayu."

Kisha msichana mmoja wa darasa, Leah, alitaja jina la mama yule katika maelezo yake, na mimi nikalipita, nikasema "mama yake." Bi. Monica, aliyekuwa ananitazama midomo, akanigusa goti. Akataka nimwambie mama jina lenyewe. Nikamwambia kwamba Mabula alikuwa amempa jina la mkono, kwa sababu kwa lugha ya alama haiwezekani kumtaja mtu asiye na jina, na yeye alikuwa akimtaja kila siku. Leah akamwonyesha: mikono miwili inakaza khanga kiunoni, mara mbili, kwa nguvu.

Mama Shija alijitazama kiunoni. Ndivyo alivyokuwa amefunga.

"Nilikuwa nafanya hivi kabla ya kumfundisha kitu," akasema polepole. "Nikishindwa kumwelewesha, nakaza khanga, naanza upya."

Akairudia ile alama, mara mbili, taratibu, na wanawake waliokuwa mlangoni wakaanza kulia tena.

Sikumwambia siku ile kuhusu kamba, wala kuhusu kurudi kupima. Nilijiambia msibani si mahali pake. Tuliporudi shuleni nilimaliza mwaka, nikafundisha, nikasahihisha. Duara niliacha kulichora. Namba hasi nikazifundisha kwa kina cha kisima, na mwanafunzi mmoja akaniuliza kama kisima hakibomoki. Nilikuwa na hofu ya kila mfano. Darasa la hofu ni darasa baya. Nililiona kwenye nyuso zao, wakaanza tena kulaza vichwa.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Mama Shija alikuja shuleni. Alikuwa ametoka mnadani, kapu kichwani.

"Mwangaluka, mwalimu," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Karibu."

Alikaa ofisini, akakataa chai, akasema anataka kufundishwa lugha ya mtoto wake.

Zawadi alikuwa ndiyo kwanza ameripoti kwetu kutoka chuoni, kufundisha madarasa ya wanaosikia. Alikuwepo, na kwa nia njema kabisa akamwambia, "Mama, pole sana. Lakini huko aliko sasa, tunaamini anasikia."

"Labda," Mama Shija alijibu. "Na nikimkuta hasikii?"

Zawadi akaenda kufuata chai iliyokataliwa.

Mama Shija akawa anakuja kila siku ya mnada, baada ya masomo, tunakaa kwenye darasa la kitengo na milango wazi. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe. Nilianza kama nilivyozoea, herufi, namba, salamu. Akaniambia hayo hayahitaji. Alikuwa amekuja na mtaala wake kichwani. Alitaka "Unaumwa wapi?" Alitaka "Usiogope, ni radi." Alitaka "Baba yako amefariki," kwa sababu siku ya msiba wa baba yake, Mabula alikuwa na miaka sita, na hakuna mtu aliyejua namna ya kumwambia, akaendelea kumtafuta kwenye njia ya ng'ombe mpaka mvua zikaanza. Kila sentensi aliyoiomba ilikuwa na siku yake, na kila nilipomfundisha alinisimulia siku hiyo. Sijawahi kufundisha somo gumu kuliko lile.

Siku ya tano au ya sita aliomba "Unawaza nini?" Nikamwonyesha. Mikono aliipata haraka, lakini uso ulikuwa umelala. Nikamweleza kuhusu nyusi, jinsi Bi. Monica alivyonieleza mimi. Akajaribu, akacheka mwenyewe kwa haya, akajaribu tena. Mara ya nne alipandisha nyusi, akaniinamia kidogo, akaniuliza sawasawa kabisa: unawaza nini?

Ulikuwa ni mfano tu. Ningeweza kumjibu nawaza chakula. Lakini uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeuliza, na mimi mikono ilibaki mapajani.

"Namuwaza Mabula," nilisema kwa mdomo. "Mayu, kamba ile nilimpa mimi. Nilimfundisha kwa kutumia duara kwa sababu hakuna kitu kingine kilichomwamsha. Na mimi ndiye niliyewaambia, mtu akikubishia, rudi upime tena. Bi. Monica alinionya asiende. Sikumsikiliza."

Nje wanafunzi walikuwa wanafua, ndoo zinagongana.

"Shija aliniambia siku ile ile," alisema. "Kabla hata hamjafika kuzika."

"Ulijua?"

"Nilijua. Pale kwenye mkeka nilikuwa najua. Nilikaa na hasira na wewe kipindi chote cha kilimo. Nilikuwa nalima na wewe uko mbele ya jembe. Halafu nikaona, ukimtoa yule mlezi wa bweni na wale watoto wenzake, hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuongea na mwanangu. Ng'wanone, mtoto wangu, alikuwa na maneno yote yale, na yote aliyaacha kwenu. Hasira bado ninayo, mwalimu. Siwezi kukudanganya. Lakini nikikuacha wewe, nitamuuliza nani?"

Aliinuka, akakaza khanga yake, akakaa tena.

"Haya," akasema. "Kuna siku alirudi kutoka machungani uso umevimba, na mpaka leo sijui ilikuwaje. 'Nani amekupiga?' inasemwaje?"

Nikamwonyesha. Akairudia mara mbili, na mara ya pili nyusi zilikuwa zimepanda.